Aliyekutangulia Anakushikia Kitabu

Chuoni kwetu mwanamke hakuhitimu kwa kuitwa jina, akapokea karatasi, akaenda zake. Ulisimama mbele ya ukumbi, ukapewa kalamu ya wino, ukaandika jina lako mwenyewe katika kitabu kikubwa cha wahitimu, na aliyeandika kabla yako ndiye aliyekushikia kitabu. Meza ilikuwepo, tena meza ya mninga yenye uwezo wa kubeba ng'ombe wawili na mwenye ng'ombe, lakini kitabu hakikuwekwa mezani. Kilishikwa mikononi, kimefunguliwa, mwenzako akikutazama usoni mpaka umalize herufi ya mwisho. Kisha wewe unakishika, anakuja wa nyuma yako. Ilikuwa hivyo tangu enzi ambazo kumpeleka binti shule lilikuwa jambo la kuitishia kikao cha ukoo.

Vitabu vilikuwa viwili: cha kijani cha wanafunzi wa mchana, na cha kahawia cha sisi wa jioni. Mchana mimi nilikuwa dobi wa chuo hichohicho. Nilifua mashuka ya wasichana wa bweni, mashuka ambayo ungeyatandika ungeifunika nchi nzima na ukabaki na la kujifunika mwenyewe. Ikifika saa kumi na moja navua aproni, nanawa sabuni mikononi, naingia darasani kwa mlango wa mbele kama bibi harusi.

Siku yangu ya kuhitimu mvua ilinyesha mashuka yakiwa kambani. Nikakimbilia kamba kwanza, ukumbini nikafika wa mwisho, nimelowa kama bata. Nikaandika jina langu chini kabisa ya ukurasa, baada ya wote wa mwaka wangu. Na kwa kuwa nilikuwa wa mwisho, desturi ilinitaka nirudi mwaka uliofuata kumshikia kitabu wa kwanza wa darasa lililotufuata. Alikuwa msichana mfupi, anayecheka kwa mabega.

"Dada, usikidondoshe," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Kikidondoka nitakudaka wewe pamoja nacho."

Akaandika jina lake juu kabisa ya ukurasa mpya, kwa mwandiko uliopinda kuelekea kulia kama mihogo iliyopigwa na upepo. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita jina. Aliniita mshika-kitabu wangu.

Maisha yakatuleta sote Doha. Mimi chumba cha mashuka cha hoteli moja Lusail, msimamizi kabisa, mwenye funguo. Yeye kulea watoto katika nyumba moja Al Wakrah. Ijumaa zetu za mapumziko tulikwenda Al Rayyan, kwenye nyumba ya Mwenyekiti. Huyu alikuwa mhitimu wa mchana, karani wa ofisi ya shule moja, mwanamke mrefu ambaye hata akiketi unahisi bado amesimama. Alikuwa ameanzisha umoja wetu wa wahitimu na kuuendesha kwa upendo na kwa rula. Tulikunywa karak, ile chai nzito ya maziwa, katika vikombe vya karatasi, tukala mandazi, tukaimba wimbo wa chuo, wanawake kama kumi na watano, wa mchana kwenye makochi na wa jioni kwenye zulia. Hakuna aliyepanga tukae hivyo. Tuliingia tu, tukajikuta tumekaa.

Nilizoea kumchokoza: "Mwenyekiti, mashuka yako ya bweni nimeyafua mimi kwa miaka miwili. Siri zako ninazo."

"Ndiyo maana yalirudi na matundu," alijibu, na sote tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa moja tukakuta hacheki. Alikuwa na simu mkononi, na karak yake imeota ngozi juu. Habari zilikuwa zimefika kutoka nyumbani: chuo kinachukuliwa na chuo kikuu. Jina litaondolewa. Wanaume wataingia. Masomo ya jioni yatafungwa. Ukumbi utavunjwa kupisha maegesho ya magari.

"Maegesho!" nikasema. "Si heri wangejenga bwawa la viboko, angalau ni viumbe hai."

Alicheka mmoja tu, yule wangu wa Al Wakrah, naye alikatiza katikati.

Mwenyekiti akaeleza. Alikuwa ameongea na wakili, mwenzetu wa zamani. Makabidhiano hayawezi kutiwa sahihi mpaka chuo kikabidhi kumbukumbu zake zote, vitabu vyote vya wahitimu vikiwa mezani. Kikikosekana kimoja, shughuli inasimama.

"Basi kitakosekana kimoja," alisema.

Nakiri nilipiga makofi. Sote tulipiga. Tuliipenda ile nyumba ya mawe, na sisi wa jioni tuliipenda zaidi, kwa sababu hakuna mahali pengine duniani palipowahi kutufungulia mlango wa mbele. Nikanyoosha mkono kabla ya wote, nikaunyoosha kwelikweli, karibu niuguse mwezi. Kama kulikuwa na swali la kuuliza siku ile, ni lile ambalo halikunijia: kitabu kipi?

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, ndani ya sanduku la mwenzetu aliyekuwa anarudi kutoka likizo. Mtunza stoo wa chuo, mama mmoja mzee wa upande wetu wa jioni, ndiye aliyekitoa. Kilikuwa kimeviringishwa kanga mbili, kikinuka dagaa na karafuu. Mwenyekiti alikifunua juu ya meza yake ya chai. Jalada la kahawia.

"Cha kijani kiko kwenye sefu ya mkuu wa chuo," alisema kabla hajaulizwa. "Hakifikiki. Hiki kilikuwa kabatini tu." Kisha akakisukuma upande wangu. "Kitabu chenu, mkitunze wenyewe. Na wewe ndiye mwenye mikono."

Nilikipokea kama anayepokea mtoto. Yule wangu wa Al Wakrah akanigusa bega. "Mshika-kitabu wangu," akasema, "sasa umeshikishwa kweli."

Chumbani, kwenye makazi ya wafanyakazi wa hoteli, tulikuwa wawili, mimi na Mganda mmoja wa usafi, mchapakazi, msema kweli, mwenye usingizi mwepesi kuliko wa paka. Nikatia kitabu kwenye begi la kitambaa, nikakilaza kifudifudi ili maandishi ya dhahabu ya jalada yasionekane hata mtu akifungua zipu, nikapandisha begi juu ya kabati langu la bati. Aliponiuliza ni nini, nikamwambia ni nguo kuukuu za kupeleka nyumbani. Uongo mdogo, mwepesi, hauna hata uzito wa kikombe.

Kiyoyozi chetu kilikuwa ukutani juu ya lile kabati, na kilikuwa kinavuja. Tone lilianguka juu ya bati, to, halafu ukangoja, to. Mchana wa mapumziko, mapazia yamefungwa, joto la nje likiusukuma mlango kama mdai, hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu ya ukutani. Tulimweleza msimamizi wa makazi mara elfu sita. Akasema bukra, yaani kesho. Bukra ya Doha ni siku ambayo haijawahi kuonekana na mwanadamu.

Mwezi huo hoteli ikatangaza kwamba mashuka yatafuliwa na kampuni ya nje. Chumba changu cha mashuka kinafungwa. Tulikuwa tisa, na wanane wakapewa tarehe ya kurudi kwao. Mimi mudiri wa hoteli aliniita ofisini, akaniambia wanahitaji mwalimu wa kufundisha wafanyakazi wapya, na hakuna atandikaye kitanda kama mimi. Hilo ni kweli, vitanda vyangu watu walikuwa wanaona haya kuvilalia. Nafasi ni yangu, alisema. Kuna jambo moja tu: ofisi ya wafanyakazi itaandikia chuo, chuo kithibitishe kwamba nimehitimu. Likija jibu, nabaki. Lisipokuja kabla ya chumba kufungwa, na mimi nina tiketi kama wale wanane.

Nilitoka nikicheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nilijua kitabu kinachoulizwa kiko wapi. Kilikuwa kichwani pa kitanda changu, kikinitazama.

Jibu la chuo lilikuja upesi. Bwana wa ofisi ya wafanyakazi, Mhindi mpole mwenye sauti ya kubembeleza, aliigeuza tarakilishi yake nijisomee. Chuo kilisikitika. Kumbukumbu za masomo ya jioni hazipatikani kwa sasa. Hakiwezi kuthibitisha kwamba mtu huyu aliwahi kusoma pale.

Mtu huyu.

"Cheti ninacho," nikamwambia. "Kina muhuri."

"Sista, cheti kila mtu anacho," alisema kwa upole ule ule. "Waambie watafute vizuri. Bado kuna siku."

Nikawaza kupiga picha ya ukurasa wangu nikampelekea. Halafu angeuliza: wewe umeupata wapi?

Ijumaa iliyofuata niliwahi Al Rayyan kabla ya wenzangu. Yule wangu alikuwa ameshafika, anamenya viazi vya katlesi jikoni, mlango wazi. Nikamweleza Mwenyekiti yote, mpaka lile neno, mtu huyu. Alisikiliza akikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

"Pole, mwenzangu. Hata mimi waliniulizia mwaka huu, shule ilibadilisha utaratibu. Ilichukua siku nne."

"Siku nne."

"Ndiyo, siku nne tu."

"Kwa sababu cha kijani kipo."

Akakilaza kitambaa mezani. Kule jikoni kisu kikaacha kumenya.

"Mwenyekiti, nikuulize jambo dogo. Siku ile ulipoagiza, uliagiza kitabu, au uliagiza kitabu chetu?"

"Niliagiza kilichofikika."

"Na kama cha kijani kingefikika?"

"Usinifanyie hivyo, wewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unadhani mimi sina ninachopoteza? Mama yangu amesoma pale. Bibi yangu alipika pale. Kitabu kikirudi, wanatia sahihi wiki hiyohiyo, na trekta linaingia. Ukirudisha, chuo kimefia mikononi mwako. Nafasi ya kazi utapata nyingine. Ukumbi ule hautajengwa tena."

"Nafasi nyingine? Kwa cheti cha mtu asiyejulikana?"

Yule wangu akatokea mlangoni, maganda ya viazi yamemganda vidoleni. Nilitegemea atanisemea. "Dada," aliniambia, "mimi naona tusubiri kidogo. Tukikitoa na jioni ikafungwa, basi tumebaki sisi wa mwisho. Wasichana wanaofua sasa hivi watakwenda wapi?"

"Wewe hawajakuulizia cheti."

"Kulea watoto hawaulizi cheti," akasema, akacheka kwa mabega. "Wanauliza mgongo."

Alikuwa amesema kweli, na aliyesema alikuwa yeye. Tukala katlesi. Tukaimba wimbo. Nilirudi Lusail nikiwa nimeahidi kungoja, na sijui kama niliahidi kwa mapenzi au kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye zulia.

Nikangoja. Kwenye chumba cha mashuka rafu zilikuwa zinabaki tupu moja baada ya nyingine. Wenzangu wanane walianza kununua masanduku. Kila nikipita ofisi ya wafanyakazi, yule bwana alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake ilinichosha kuliko matusi.

Katika siku hizo ndipo chumba chetu kilipotulia. Nilikuwa nimejilaza mchana baada ya zamu, na nikatambua kwamba naweza kusikia pumzi zangu. Hakuna to. Nikangoja. Hakuna to.

"Alhamdulillahi," nikasema, "bukra imefika!"

"Mm," alisema Mganda bila kufumbua macho.

Tukashukuru, tukalala katika kimya kile siku nne, labda tano. Ni usingizi mtamu kuliko wote niliopata mwezi ule. Naukumbuka kwa aibu.

Halafu siku moja nikiwa nafunga vifungo vya sare niliinua macho. Ukuta chini ya kiyoyozi ulikuwa bado una mstari wa maji. Nilitazama tone likijikusanya kwenye ukingo wa plastiki, likanenepa, likaachia. Likaanguka bila sauti.

"Fundi alikuja lini?" nikauliza.

"Fundi gani, nyabo?" Mganda alikuwa anachana nywele. "Hakuna fundi. Nilisogeza ule mfuko wako, ukakaa chini ya maji. Ile to-to ilikuwa inaniua. Si ulisema ni nguo kuukuu?"

Sikumlaumu wakati ule, na sitamlaumu leo. Nilipanda juu ya kitanda, nikalishusha begi. Lilikuwa zito kuliko nilivyolipandisha.

Mtu aliyefua mashuka miaka yote ile anajua maji yanavyotembea. Hayana haraka. Huingia kwa juu na kushuka tabaka kwa tabaka, na yakikutana na wino wa kalamu hubeba yanachoweza. Kitabu kilikuwa kimelala kifudifudi, jalada la nyuma likiwa juu, kwa hiyo yalianzia kurasa za mwisho kwenda za mwanzo. Nikafungua kwa ncha za vidole. Miaka ya karibuni ilikuwa imekuwa wingu moja la buluu. Nikarudi nyuma, karatasi ikichanika kama ukoko wa ugali: wingu, wingu, herufi moja moja, mkia wa y, wingu. Nikafika kwenye ukurasa ninaoujua. Juu kabisa, pale ilipokuwa mihogo iliyopigwa na upepo, palikuwa na doa lenye umbo la jani. Nikaupindua.

Upande wa pili, chini kabisa, jina langu lilikuwa kavu. Lilisomeka. Hata doa la maji ya mvua niliyokuja nayo siku ile lilikuwa bado lipo pembeni yake.

Maji yalikuwa yamesimama hapo. Baina yetu ilikuwa karatasi moja.

Mganda akasogea, akatazama juu ya bega langu, akasema kwa lugha yake neno ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Nilikikausha siku mbili kama ninavyojua mimi, kwa taulo za hoteli, karatasi baada ya karatasi, bila pasi. Nilichokiokoa ni karatasi, majina sikuokoa hata moja. Siku hizo mbili nilikuwa na nafasi ya kupiga simu Al Wakrah. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Nilijiambia kwanza kikauke. Kisha nikajiambia kwanza kifike.

Sikumwambia Mwenyekiti pia. Nilimtafuta mwenzetu mwingine aliyekuwa anakwenda likizo, nikampa kitabu kimefungwa kanga zile zile mbili, na barua juu yake kwamba kilikuwa kwangu mimi, kimeharibikia kwangu mimi, mtunza stoo asiulizwe. Hiyo barua niliiandika kwa mkono, vizuri, bila mzaha hata mmoja. Nikajisikia mwema kwa muda wa safari ya kutoka uwanja wa ndege hadi kitandani.

Ilikuwa kama Mwenyekiti alivyosema. Kitabu kilifika Jumatatu. Makabidhiano yakatiwa sahihi Alhamisi. Kabla ya wiki kwisha tukatumiwa picha ya ukumbi umezungushiwa mabati. Na kabla chumba cha mashuka hakijafungwa, yule bwana wa ofisi ya wafanyakazi alinipungia mkono kutoka mbali, anatabasamu meno yote thelathini na mbili, na labda ya jirani yake: chuo kimethibitisha. Mtu huyu anafahamika. Wenzangu wanane wakaondoka na masanduku mapya, mimi nikapewa sare yenye kola.

Mwenyekiti alinitumia ujumbe wa neno moja: Hongera. Ijumaa hiyo sikwenda Al Rayyan. Iliyofuata pia sikwenda.

Yule wangu alipiga simu Jumapili, nikiwa nawafundisha wafanyakazi wapya kukunja pembe za shuka. Nikatoka kwenye ujia. Nyuma yake nilisikia watoto wakigombania kitu.

"Mshika-kitabu wangu! Umetukimbia? Nasikia kitabu kimerudi, na wewe umethibitishwa. Mimi sikukasirika, usijifiche. Mwenyekiti ndiye kanuna, ananuna mpaka sufuria zinaogopa."

"Nipo tu. Kazi."

"Basi sikia. Kuna shule ya chekechea hapa karibu, madam mwenyewe kaniombea. Wananichukua! Wanataka tu chuo kiandike kwamba nimesoma. Nimewapelekea maombi leo asubuhi." Nikasikia mabega yake yakicheka. "Nimewaambia wala wasihangaike kutafuta, wafungue pale lilipo jina lako, wapindue tu. Utaliona limepinda, nimewaambia, huwezi kulikosea."

Ndani ya chumba mmoja wa wanafunzi wangu aliniita nikatazame pembe yake. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri.

"Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia. Ijumaa uko nyumbani?"

"Nipo. Unakuja? Basi napika pilau, tusherehekee sote wawili."

"Usipike," nikasema.

"Nitapika," akasema, akakata simu akicheka.

Nimeziona wiki nyingi maishani mwangu, na nyingine nimezisimulia kwa urefu zisiokuwa nao. Ile ya kungoja Ijumaa ilikuwa fupi. Hapo siongezi chumvi.